Shahada ya Uuguzi: Tunamsomesha Nesi Ili Amkimbie Mgonjwa?

Najua nimekuwa adimu humu ndani, kazi za chumba cha habari zimenikaba koo. Leo nimeiba muda baada ya kufunga kurasa za kesho, maana kuna jambo limenikaa rohoni na nisipolitoa litachacha.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu inageuka ofisi ya ushauri nasaha. Shangazi, jirani wa zamani, fundi wangu wa nguo, kila mmoja ana mtoto aliyesoma PCB. "Wewe mwandishi unajua mambo. Pointi za mtoto hazijatosha udaktari, tufanyeje?" Halafu, kabla sijajibu, linakuja swali la pili kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mtumba uliochakaa: "Au akachukue tu uuguzi?"

Hiyo "tu" ndiyo iliyonikalisha hapa usiku huu.

Kabla sijaenda mbali nitangaze maslahi, kama wanavyofanya waheshimiwa kule Dodoma. Mdogo wangu wa kike ana shahada ya uuguzi. Ameisomea Mwanza, pale Bugando, kwenye chuo kikuu cha Kanisa Katoliki. Kwa hiyo haya nitakayoyasema sikuyaokota kwenye warsha yenye chai na sambusa. Nimeyachangia ada.

Sisi kwetu Tabora. Baba ni mstaafu wa reli, Mama anafundisha watoto madrasa, na ndugu ni wengi kama mjuavyo familia zetu. Siku mdogo wangu aliposema ameuweka uuguzi chaguo la kwanza, kiliitwa kikao. Si kwamba alifeli. Pointi zake zilimruhusu kugombea udaktari kama wenzake, na hicho ndicho kilichowachoma watu. Baba Mkubwa aliuliza, kwa masikitiko ya kweli kabisa, inakuwaje mtu mwenye uwezo wa kuwa bosi aende kuomba kazi ya kutumwa.

Binti akajibu kwa adabu, macho chini. Akawakumbusha wazee kipindi Bibi alipolazwa wiki tatu. Daktari alikuwa anapita asubuhi na msafara wake, dakika tano, wanahamia kitanda kingine. Aliyekuwa anamgeuza Bibi ubavu asipate vidonda vya mgongo, aliyegundua kwamba Bibi hali kwa sababu mdomo umejaa utando na unamuuma, aliyekaa naye saa nane usiku alipoanza kuweweseka, alikuwa ni nesi. "Mimi nataka kuwa yule anayebaki," akasema.

Baada ya hapo ikaja hoja ya Mjomba. Yeye shida yake haikuwa uuguzi, ilikuwa mahali. "Na huko kwa mapadri, mtoto atarudi na jina gani?" Watu wakatazamana. Mama alikuwa kimya muda wote anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa. Akamkumbusha kaka yake habari za Rufaida al-Aslamiya, yule mwanamke wa Madina aliyekuwa na hema la kuhudumia majeruhi karibu na msikiti wa Mtume, hema ambalo Sa'd bin Mu'adh alipelekwa alipojeruhiwa kwenye vita vya Handaki. "Kazi hii kwetu si ngeni," akasema, "na kidonda hakina dini." Mjomba akanywa chai yake. Kikao kikafungwa kwa dua na mchango wa nauli.

Kwa wasioijua Mwanza, Bugando ipo juu ya kilima, na ukiwa karibu popote mjini unaliona lile jengo limekaa kama mzee barazani. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971. Kanisa ndilo lililoijenga, serikali ikaitaifisha muda mfupi baadaye, na mwaka 1985 ikarudi mikononi mwa maaskofu kwa makubaliano na serikali. Ndiyo maana inapokea rufaa kutoka Kanda ya Ziwa yote na magharibi mwa nchi, Tabora na Kigoma zikiwemo. Mgonjwa akishindikana kwetu, kuna usemi mfupi tu: "Mpelekeni Bugando."

Mwaka 2003 Baraza la Maaskofu Katoliki lilianzisha pale chuo cha afya, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (hao wa Nyegezi, ambako waandishi wenzangu wengi wamepikwa). Kilianza na wanafunzi 10, wote wa udaktari. Kumi! Baadaye kikasimama kwa miguu yake na leo kinaitwa Chuo Kikuu Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS kwa kifupi. Uuguzi upo kwa sura mbili: shahada ya miaka 4 kwa wanaotoka kidato cha sita, na shahada ya ualimu wa uuguzi kwa wale ambao tayari wapo kazini na stashahada zao. Mkristo, Mwislamu, asiye na dini, wote wanaomba na wote wanapokelewa.

Si chuo cha kwanza kutoa shahada hii nchini. Muhimbili walianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini kwa mtoto wa Tabora, Shinyanga au Bukoba, Bugando ni nyumbani zaidi. Unapanda basi asubuhi, unapita Nzega na Shinyanga, jua likiwa bado lipo umefika.

Haya, tuje kwenye masomo yenyewe, maana hapa ndipo wapiga simu wangu wanapopotea.

Tanzania unaweza kuwa nesi kwa njia tatu. Astashahada, miaka 2. Stashahada, miaka 3. Shahada, miaka 4, halafu mwaka mmoja wa utarajali, kama madaktari wenzao. Kote huko huwezi kumgusa mgonjwa kihalali bila Baraza la Uuguzi na Ukunga kukuandikisha na kukupa leseni. Kwenye ajira za serikali hata majina yanatofautiana: wa astashahada ni Muuguzi, wa stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada ni Afisa Muuguzi. Mgonjwa hajui tofauti hizo. Kwake yeye wote ni manesi, na akiwa na maumivu makali wote ni "dokta".

Swali la Baba Mkubwa lilikuwa hili: kama wote wanachoma sindano, miaka minne ya nini? Ni swali halali, na nilimuuliza mdogo wangu mara nyingi alipokuja likizo. Akanionesha madaftari. Anatomia, fiziolojia, biokemia, famakolojia. Magonjwa ya ndani na upasuaji, watoto, ukunga, afya ya akili, afya ya jamii. Halafu takwimu na utafiti, uongozi, maadili. Kulikuwa na usiku wa kulia kwa hofu ya sapu, na kulikuwa na wenzake waliodisko wakarudi makwao. Huo si uuguzi wa "tu", jamani.

Ila jibu lenyewe la swali la Baba Mkubwa halikuwa kwenye orodha ya masomo. Alinieleza kwamba kitu anachofundishwa muuguzi mpaka kiingie kwenye damu ni mzunguko wa hatua tano: kumchunguza mgonjwa, kubaini tatizo, kupanga, kutekeleza, kisha kupima kama ulichofanya kimesaidia. Ukitumwa unatekeleza tu. Ukisomeshwa unatakiwa uzifanye zote tano na uweze kuzitetea. Kumbukeni Florence Nightingale mwenyewe, tunayemwashia mishumaa kila Mei 12, hakukaa kwenye historia kwa sababu ya taa. Aliporudi kutoka vita vya Crimea alikaa chini na hesabu za vifo, akawaonesha wakubwa wa Uingereza kwamba askari wengi waliuawa na uchafu na maradhi kuliko risasi. Mwaka 1860 akaanzisha shule ya wauguzi hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa nesi anayehesabu, na wakubwa walilazimika kusikiliza hesabu zake.

Nisiiruke habari ya dini, maana Mjomba angenilaumu.

Wodini kila nesi wa kike ni "sista". Neno hilo limetoka mbali. Hospitali nyingi za Ulaya ziliendeshwa na watawa. Kule Ufaransa Vincent de Paul na Louise de Marillac walianzisha shirika lao la mabinti wa kuhudumia wagonjwa na maskini mwaka 1633. Waingereza wakalibakiza neno "sista" kuwa cheo cha msimamizi wa wodi, na sisi likatufikia kwa milango miwili, wa misheni na wa mkoloni. Basi mdogo wangu na mtandio wake mweupe kichwani anaitwa sista kutwa nzima. Darasani kwao kulikuwa na mtawa, sista kwelikweli. Mwezi wa Ramadhani wakiwa kwenye mafunzo wodini, yule mtawa ndiye aliyekuwa anamshikia nafasi magharibi ikiingia, binti akafuturu tende zake na kuswali, kisha wanabadilishana. Mdogo wangu amerudi Tabora na jina lile lile aliloondoka nalo. Mjomba amelithibitisha mwenyewe.

Lakini tusijifanye kwamba dini ya mwenye chuo haina uzito wowote. Mfano ulio wazi ni uzazi wa mpango. Kanisa, kwa waraka wa Papa Paulo VI wa mwaka 1968, Humanae Vitae, linakataa vidonge, sindano na vipandikizi vya kuzuia mimba. Serikali yetu inavitoa bure kwenye vituo vyake. Muuguzi mwenye leseni ya nchi hii anatakiwa kuvijua vyote, awe amesoma kwa maaskofu au kwa masheikh, kwa sababu kesho anaweza kupangiwa zahanati ya serikali kule Urambo na akinamama wamejipanga kwenye benchi. Wapo wanaobanwa na dhamiri, na dhamiri ya mtu si kitu cha kuchekea. Nilimuuliza yeye alilionaje alipofika kwenye utarajali, hospitali ya serikali, akakutana na hao akinamama. Akasema: "Mama ana watoto sita na presha inampanda kila mimba. Haniulizi nimesoma wapi. Ananiuliza afanyeje asife." Wanaofikiria kuomba vyuo vya dini, lizungumzeni hili mapema na watoto wenu.

Sasa basi, tufike kwenye usiku ulionifanya niuone uuguzi kwa macho mengine. Hospitali sitaitaja.

Mdogo wangu alikuwa mtarajali, zamu ya usiku, wodi ya wazazi waliojifungua kwa upasuaji. Mama mmoja alikuwa ametoka chumba cha upasuaji jioni. Bandeji kavu. Presha ya chini kidogo lakini haitishi. Mwenyewe anasema hajambo ila ana kiu. Binti akaangalia chati. Mapigo ya moyo saa mbili usiku yalikuwa 96. Saa tatu, 108. Saa nne, 120. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa umesimama, haufiki hata mililita 30 kwa saa. Kwa macho hakuna damu inayoonekana popote. Kwa hesabu, kuna damu inakwenda mahali.

Akampigia daktari wa zamu. Akaambiwa aongeze dripu na kusubiri. Akaongeza. Nusu saa, mapigo 128. Akapiga tena, akaambiwa asiwe na papara, kutakuwa na raundi asubuhi. Hapo nesi wa kutumwa angekuwa na kinga: ameagizwa, ametekeleza, ameandika. Yeye akachukua simu akampigia daktari bingwa nyumbani, saa sita kasoro, akamsomea namba zile moja moja kwa mpangilio wake. Bingwa hakuuliza maswali mengi. Mama akarudishwa chumba cha upasuaji, tumboni wakakuta damu imejikusanya, wakaifunga sehemu iliyokuwa inavuja. Yule mama yupo hai na mtoto wake.

Asubuhi mdogo wangu aliitwa ofisini. Hakuitwa kupongezwa. Aliitwa kuambiwa amevuka mipaka, amemdhalilisha daktari wa zamu, na kwamba "hizi shahada zenu zinawapa kiburi". Akaniambia alitoka mle ndani miguu inamtetemeka, akaenda kumpima yule mama mapigo. Yalikuwa 88.

Nimeandika habari nyingi za hospitali, wadau, lakini namba hizo nne bado ninazo kichwani: 96, 108, 120, 128. Miaka minne ya ada ilikuwa kwenye zile namba, kujua kwamba moyo huanza kukimbia kabla presha haijaanguka, na kuwa na uthubutu wa kumwamsha mkubwa kwa sababu unaweza kumthibitishia.

Wenzetu wameshalipima jambo hili kwa wingi wa watu. Mwaka 2014 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walichukua hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya laki nne. Wakakuta kila wauguzi wenye shahada wanapoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 baada ya kulazwa unapungua kwa asilimia 7. Na kila muuguzi anapoongezewa mgonjwa mmoja wa ziada, uwezekano huo unapanda kwa asilimia 7. Wataalamu watasema, na ni kweli, kwamba vitu viwili kwenda pamoja hakutoshi kuthibitisha kimoja kinasababisha kingine, na Ulaya si Nzega. Lakini someni zile namba mbili kwa pamoja. Zinasema kichwa cha nesi kinaokoa, ila kichwa hicho kikigawanywa kwa wagonjwa wengi mno kinapoteza kazi yake.

Na kwetu hapa kuna la kujivunia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, vituo vilivyopandishwa hadhi, magari ya wagonjwa, vyumba vya upasuaji. Lakini mkono ulioko pale kitandani saa nane usiku, kwa sehemu kubwa ya nchi hii, ni wa muuguzi mkunga.

Sasa ninafika kwenye mfupa wenyewe.

Mdogo wangu alimaliza utarajali, leseni akapata. Akawa anaomba kazi kwenye Ajira Portal kila tangazo linapotoka, anasubiri mkeka kama wenzake wote. Kila mkeka ukitoka tunausoma familia nzima, jina kwa jina. Wakati anasubiri anajitolea kwenye wodi ya hospitali moja, analipwa nauli, na mwisho wa mwezi posho ambayo hata kuitaja ni kumvunjia heshima. Bodi ya Mikopo nao wameshaanza kuuliza habari zao. Baadhi ya waliosoma naye wanajisomea mitihani ya kwenda Marekani au Uingereza, na ukiwasikiliza huwezi kuwalaumu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Wakati huo huo sisi tunao wauguzi waliokwisha kusomeshwa wamekaa nyumbani wanasubiri mkeka. Hebu niambieni hiyo ni hesabu ya aina gani.

Wiki hii amepigiwa simu. Chuo kimoja cha binafsi cha astashahada na stashahada kinataka mkufunzi. Mkataba, mshahara unaoeleweka, Jumamosi na Jumapili yake, hakuna zamu ya usiku. Nyumbani Tabora kumekuwa sherehe. Baba Mkubwa, yule yule aliyelia kuhusu kazi ya kutumwa, amesema: "Sasa shahada imeanza kuzaa."

Yeye hana raha. Aliponipigia alisema neno moja ambalo linanisumbua mpaka sasa. Katika wodi zote alizopita, mafunzoni, kwenye utarajali na sasa, manesi wenye shahada wanaoshika kitanda anawahesabu kwa vidole. Wakija, hawakai. Mmoja anapelekwa kuwa msimamizi, mwingine anaenda ofisi ya takwimu, wa tatu mradi wa wafadhili, wa nne kufundisha. Wote wanafanya kazi za maana. Lakini ukitaka mshahara bora, heshima na usingizi wa usiku, ngazi ni moja tu, na ngazi hiyo inaelekea mbali na mgonjwa. Anayebaki kitandani ni yule ambaye hajasoma sana au hajapata nafasi ya kuondoka.

Daktari akisoma zaidi anamsogelea mgonjwa. Bingwa wa moyo anashika moyo. Nesi akisoma zaidi tunampa meza. Kisha tunalalamika kwamba wodini hakuna wa kutuona. Ninaposikia mtu anasema shahada ya uuguzi haina faida kwa sababu "mbona hatuioni wodini", nataka kumjibu kwamba haionekani kwa sababu tumeipandisha ghorofani.

Siwaambii kwamba wasifundishe, maana bila walimu wazuri hatutapata manesi wazuri. Ninachosema ni kwamba isiwe adhabu kubaki. Pawepo na cheo cha muuguzi bingwa anayeshika wagonjwa, wa watoto wachanga, wa chumba cha wagonjwa mahututi, wa ukunga, na mshahara wake umfikie aliye ofisini bila yeye kwenda ofisini. Na kwenye vyuo kama Bugando, ambako mwanafunzi wa udaktari na wa uuguzi wanapanda kilima kimoja, wazoezwe kusikilizana kabla hawajawa na vyeo vya kulinda. Daktari wa zamu wa usiku ule naye alikuwa kijana. Amepigiwa simu mara mbili na mtu mwenye namba sahihi, akasikia nesi, hakusikia namba. Hilo halianzii kazini, linaanzia kwenye sebule zetu, siku tunapomwambia mtoto akachukue tu uuguzi.

Maaskofu nao, wenye hospitali nyingi nchini, Bugando, Sengerema, Sumve, Peramiho, Ndanda na nyingine, wana nafasi ambayo wengine hawana. Watawa waliofungua wodi zile walikaa kitandani maisha yao yote na hakuna aliyewaona wameshindwa kupanda. Chuo kikuu kinaweza kuichukua heshima ile na kuivalisha joho. Ila watawa walikuwa na nadhiri, na shirika lililowalisha mpaka uzeeni. Binti wa mstaafu wa reli ana deni la Bodi. Wito peke yake haulipi kodi ya chumba.

Kwa hiyo ukinipigia mwaka huu kuhusu mtoto wa PCB, nitakuuliza mambo machache. Je, yeye mwenyewe anautaka, au mnamsukumia? Kemia na Biolojia zimekaa vizuri? Mmeshapiga hesabu ya ada ya chuo binafsi, ambayo ni mamilioni kwa mwaka, na itakuwaje mkopo wa Bodi usipofunika yote? Mko tayari kumlisha mwaka mmoja au miwili baada ya leseni, wakati mkeka unachelewa? Kisha la mwisho: anaweza kumwamsha mkubwa wake saa sita usiku kwa sababu namba zimekataa? Kama majibu ni ndiyo, mpelekeni, na ile "tu" muiache nyumbani.

Mdogo wangu anatakiwa kujibu Ijumaa. Amesema ataswali kwanza, halafu kesho ana zamu ya usiku, kuna mtoto njiti wa gramu 1,200 anataka kumwona kama ameongezeka. Sijamshauri lolote. Mwenye kulala na deni ni yeye, na mwenye kukumbuka yule mama ni yeye.

Manesi mnaosoma hapa, hasa mlioamua kubaki wodini na shahada zenu, niambieni mnawezaje. Na mliokwenda ofisini, nini kingewarudisha? Nitamsomea majibu yenu kabla ya Ijumaa. Usiku mwema.